Stadi za Hedi Zinapokatika Kwenye Porsche 911 ya Kupozwa kwa Hewa: Dalili, Visababishi na Ujenzi Mpya wa Injini

Injini ya Porsche 911 inayopozwa kwa hewa, iliyotengenezwa Zuffenhausen, Ujerumani, kuanzia 1964 hadi 1998, ina silinda sita zilizolala ubavu, tatu kila upande. Kila silinda ni kipande kinachojitegemea, chenye mapezi ya kupozea, na hubanwa kati ya kasha la krenki (mwili wa injini unaobeba mhimili unaozungushwa na pistoni) na hedi yake, yaani kifuniko cha silinda chenye valvu, kwa stadi nne ndefu. Stadi ni boliti isiyo na kichwa: upande mmoja umezamishwa kwenye kasha na upande wa pili unapokea nati. Injini nzima ina stadi 24, na kazi yake ni kuishikilia hedi isiachane na silinda wakati wa mwako. Ikikatika moja, tatu zilizobaki hubeba mzigo wa nne, na gari huweza kuendelea kutembea kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua kwamba ndani kuna tatizo.

Mwongozo huu unahusu zaidi 911 SC ya 1978 hadi 1983, yenye injini ya lita 3.0, na Carrera ya lita 3.2 ya 1984 hadi 1989, kwa sababu hizo ndizo zinazofika gereji mara nyingi zikiwa na stadi za chini zilizokatika. Nitaigusa pia injini ya lita 2.7 ya miaka ya 1974 hadi 1977, kwa kuwa dalili zake zinafanana na hizi ilhali chanzo chake ni kingine kabisa, na anayevichanganya viwili hivi hununua vipuri visivyohitajika na kuacha vinavyohitajika. Msimamo wangu ni kwamba stadi iliyokatika haipaswi kubadilishwa kabla haijasomwa. Sehemu ilipokatikia, rangi ya chuma chake na mahali ilipokaa hueleza chanzo, na chanzo ndicho kinachoamua kama utafungua hedi peke yake au utaivunja injini yote.

Dalili

Dalili inayosikika kwanza ni sauti ya kupuliza, kama pumzi fupi zinazofuatana, injini inapowashwa ikiwa baridi. Sauti hiyo huongezeka unapokanyaga mafuta na hupungua au kutoweka kabisa injini ikishapata moto, kwa sababu silinda ya alumini hurefuka ikichemka na kuuziba mwanya uliokuwa kati yake na hedi. Tatizo ni kwamba gasketi ya ekzosi iliyoungua hutoa sauti iyo hiyo na hufuata tabia iyo hiyo ya baridi na joto. Ili kuzitofautisha, chukua mpira mwembamba wenye urefu wa mita moja, weka ncha moja karibu na sikio na upitishe nyingine polepole kwanza kwenye maungio ya ekzosi, kisha kwenye mstari ambapo mapezi ya silinda yanakutana na hedi. Sauti ikiwa kali zaidi kwenye mapezi, usipoteze fedha kwa gasketi ya ekzosi.

Dalili ya pili huonekana kwa macho. Gesi inayopenya kwenye maungio huacha masizi meusi makavu kati ya mapezi, na mara nyingi masizi hayo huchanganyika na oili na kuwa tope jeusi linalong'aa. Oili peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwani injini hizi huvuja oili kwa njia nyingi: kwenye mirija ya kurudishia oili iliyo chini ya silinda, kwenye vifuniko vya valvu, na kwenye sili ya nyuma ya krenki. Masizi yaliyoanzia kwenye mstari wa hedi na silinda, hata yakiwa madogo kama ukucha, yana uzito zaidi kuliko oili nyingi inayodondoka sakafuni.

Dalili ya tatu ndiyo inayowafikia wengi, nayo haina sauti wala moshi. Fundi hufungua kifuniko cha chini cha valvu ili arekebishe tapeti, yaani mwanya wa valvu, kazi ya kawaida inayofanywa injini ikiwa baridi kwa mwanya wa milimita 0.1, na kipande cha stadi kikiwa bado na nati yake hudondoka mkononi au hukutwa kimelala ndani ya kifuniko. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kila ukaguzi wa tapeti uwe pia ukaguzi wa stadi. Nati za hedi zina tundu la pembe sita la milimita 10, na zile za safu ya chini zinafikika kifuniko kikiwa wazi. Ingiza ufunguo mrefu na uiguse kila nati kwa nguvu ya vidole tu. Nati iliyobanwa vizuri haitikisiki. Inayozunguka bila upinzani iko juu ya stadi iliyokatika, au juu ya stadi iliyong'oka pamoja na meno ya kasha. Usiikaze ili uone kama itashika. Ukifanya hivyo unaharibu ushahidi na pengine unaimalizia stadi ya jirani.

Kuthibitisha kabla ya kushusha injini

Kipimo cha kompresheni kinasaidia, lakini mara nyingi hakitoshi. Silinda yenye stadi moja iliyokatika inaweza kuonyesha kompresheni inayokaribiana na za wenzake, kwa sababu upepo unaosukumwa na pistoni wakati wa kupima una nguvu ndogo sana kuliko msukumo wa mwako halisi. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati ya silinda na silinda ni sababu ya kuendelea kuchunguza. Usawa wao si sababu ya kuacha.

Kipimo cha uvujaji ndicho chenye manufaa. Pistoni huletwa juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha upepo wa kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi na kiasi kinachopotea husomwa kwa asilimia. Fuata mpangilio wa mwako wa injini hii, yaani 1-6-2-4-3-5, ukizungusha krenki theluthi moja ya mzunguko kila mara, ili usiirudie silinda moja wala kuiruka nyingine. Injini yenye afya hupoteza chini ya asilimia 10. Inapofika asilimia 20 na kuendelea, cha muhimu zaidi ya namba ni mahali upepo unapotokea. Ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza haikai vizuri. Ukisikika kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ukisikika kwenye mdomo wa tangi la oili, ni ringi za pistoni, kwa kuwa injini hii huhifadhi oili yake katika tangi la pembeni linalounganishwa na kasha kwa mrija wa kupumulia. Ukisikika kwenye mapezi, na povu la sabuni likatoa mapovu pale hedi inapokutana na silinda, umepata jibu.

Kwa nini zinakatika

Alumini hurefuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kawaida. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 130, ambao unakaribiana na urefu unaobanwa na stadi hizi, hurefuka kwa takriban milimita 0.3 kikiongezewa nyuzijoto 100, ilhali chuma cha urefu huo hurefuka kwa takriban milimita 0.15. Kwa hiyo injini inapochemka, silinda na hedi huivuta stadi kuliko ilivyokazwa, na injini inapopoa mvuto huo hupungua tena. Katika kasha la alumini meno huvumilia hali hiyo. Katika kasha la magnesi, ambalo Porsche ililitumia kuanzia 1968 hadi injini za lita 2.7, meno huanza kulegea na mwishowe stadi hutoka nayo.

Ili kupunguza mvuto huo kiwanda kilileta stadi za aloi iitwayo Dilavar, ambayo hurefuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribia alumini. Kwenye SC na Carrera 3.2 stadi za juu, upande wa kuingizia hewa, ni za chuma cha kawaida, na za chini, upande wa ekzosi, ni za Dilavar. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi kihesabu. Kasoro ilijitokeza kwenye mazingira: aloi ile hushambuliwa na kutu ya vishimo, na kishimo kidogo juu ya chuma kinachovutwa muda wote huwa mwanzo wa ufa. Safu ya chini iko mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa hupokea maji ya barabarani, joto la ekzosi na uchafu unaonata kwenye mapezi, wakati hewa ya feni inaifikia ikiwa tayari imepitia juu na kupata moto. Stadi za Dilavar za mwanzo hazikuwa na mipako yoyote. Za baadaye zilipakwa, na zile zenye mipako myeusi hudumu zaidi, ingawa mkwaruzo mmoja wakati wa kufunga unatosha kuuondoa ulinzi huo.

Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee, kwani hewa yenye chumvi huharakisha kutu hiyo hata kwa gari linalotembea kidogo. Kwa hakika gari linaloegeshwa muda mrefu huathirika zaidi, maana unyevu hukaa kwenye mapezi bila kukaushwa na joto. Kenya ina historia ndefu na magari haya. Katika Safari Rally ya 1978 Vic Preston Jr alimaliza wa pili akiwa na 911 SC, na 911 za zamani bado hushindana katika mbio za magari ya kale zinazopita katika nchi hii. Matope ya mashindano kama hayo yakikaukia chini ya silinda huhifadhi maji dhidi ya stadi, na kuyaondoa kwa maji ya shinikizo kali bila kuiwasha injini hadi ikauke ni kuongeza maji juu ya maji.

Sasa chukua kipande kilichokatika ukisogeze kwenye mwanga. Anza kwa sumaku: stadi ya chuma cha kawaida hunaswa mara moja, ya Dilavar hainaswi au hunaswa kwa udhaifu sana, na kwa njia hiyo utajua kama mmiliki wa awali alikwisha kuzibadilisha. Kisha tazama uso wa mkato. Ukiona sehemu ndogo ya ukingoni yenye rangi ya kahawia au nyeusi, umbo la mwezi mchanga, na sehemu iliyobaki ikiwa ya kijivu inayometa, basi ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu, ukakaa hapo muda mrefu ukiingiwa na unyevu, na siku chuma kilichobaki kiliposhindwa kuhimili, kikaachia kwa mara moja. Ukiona stadi imerefuka na kuwa nyembamba karibu na mkato, ilivutwa kupita uwezo wake, na hapo mtuhumiwa ni aliyeikaza au joto lililopita kiasi. Na ikiwa stadi imetoka nzima, na katikati ya meno yake kuna uzi wa chuma cheupe uliojizungusha kama chemchemi, yaliyokatika ni meno ya kasha. Stadi yenyewe haina kosa.

Injini ya lita 2.7 huugua kwa namna hii ya mwisho. Magari yaliyopelekwa Marekani kati ya 1975 na 1977 yalifungwa vyumba vya kuchomea gesi za ekzosi chini ya silinda, na joto la vyumba hivyo lilipokutana na kasha la magnesi, meno yakaachia. Kuifunga stadi mpya ndani ya meno yaleyale hakuna maana. Dawa yake ni kutoboa matundu yote 24 kwa mashine, kukata meno makubwa na kuingiza vikombe vya chuma vyenye meno ya milimita 10 ndani. Usikubali kuwekewa vikombe kwenye matundu yaliyoharibika tu. Yaliyobaki yamepitia joto lilelile.

Usisahau kutafuta kilichosababisha joto. Mabati madogo ya kuelekeza upepo, yanayokaa kati ya silinda upande wa chini, mara nyingi hayapo, kwa sababu fundi aliyetangulia aliyaona kama takataka au aliyasahau mezani. Bila mabati hayo hewa hupita bila kuuzunguka upande wa chini wa silinda. Kagua pia mpira unaoziba pengo kati ya injini na bodi, mkanda wa feni, viota vya panya ndani ya kifuniko cha feni, mchanganyiko wa petroli uliopungua mafuta, na taimingi ya plagi iliyotangulia mno.

Kuamua kiasi cha kufungua

Kasha likiwa la alumini, stadi zikiwa zimekatika upande wa chini na injini haina historia mbaya, unaweza kuondoa hedi, silinda na pistoni bila kuligawa kasha. Presha ya oili ndiyo inayonishawishi kwenda zaidi. Kanuni ambayo mafundi wengi huitumia ni angalau bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika oili ikiwa ya moto. Chini ya hapo beringi za krenki zinahitaji kuonwa. Injini yenye kasha la magnesi igawanywe kila mara, kwa sababu mashine ya kuwekea vikombe inahitaji nusu za kasha zikiwa tupu, na kwa sababu kasha hilo hupinda na matundu ya beringi kuu yanapaswa kupimwa kama bado yamenyooka.

Watu huuliza kama inatosha kubadilisha ile stadi moja iliyokatika. Haitoshi. Stadi 12 za safu ya chini zimeishi maisha mamoja, na zile ambazo bado ni nzima zina vishimo vilevile. Zote 12 zitolewe. Za juu za chuma, kama hazina kutu wala mikwaruzo, zinaweza kubaki, na katika kasha la alumini lenye injini ya kawaida ya barabarani mimi huchagua chuma hata kwa zile za chini, kwa kuwa mvuto wa ziada wa joto unavumilika kuliko ufa usiotabirika. Aliye na injini ya tabo au ya mashindano azungumze na mjenzi wake kuhusu stadi za aloi bora zaidi zinazouzwa kwa kazi hiyo.

Kuitoa stadi

Kazi hii hushinda au kushindwa kwa joto. Kiwandani stadi zilifungwa kwa gundi kali ya meno, na gundi hiyo hailegei hadi ipite nyuzijoto 200. Anayetumia nguvu bila joto huizungusha stadi juu huku chini haijasogea, nayo hukatika usawa wa kasha, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya siku mbili.

Kabla ya yote, pima kwa kalipa urefu ambao kila stadi nzima imetokeza juu ya kasha na uuandike, kwani ndio utakaourudia. Kisha chora mstari mwembamba kwa msumari mkali, uanzie kwenye stadi na uendelee juu ya kasha. Pasha moto kasha kuizunguka stadi kwa tochi ya gesi, ukiizungusha tochi bila kutulia mahali pamoja, na upime kwa kipimajoto cha miale hadi usome kati ya nyuzijoto 200 na 250. Moto uelekezwe kwenye kasha, maana tunataka tundu litanuke kuliko stadi. Shika stadi karibu kabisa na kasha kwa kishikio cha kubana pande zote, kisha zungusha taratibu kwa mkono mrefu na nguvu isiyokatika. Macho yabaki kwenye ule mstari. Mstari ukiachana, stadi inatoka. Utasikia mkwaruzo mzito unaoendelea, na kila robo ya mzunguko huwa nyepesi kuliko iliyotangulia. Ukihisi mkono unasogea kwa kunesa huku mstari ungali mmoja, acha papo hapo, rudisha moto na usubiri. Hakuna stadi ninayoijua iliyotoka haraka zaidi kwa sababu fundi aliikasirikia.

Kwa kasha la magnesi tahadhari inaongezeka. Kasha zima haliwaki kwa tochi ndogo inayosogea, lakini vumbi na mikwaruzo ya magnesi huwaka kwa ukali, na maji huuongeza moto huo. Safisha kila chembe kabla ya kuwasha tochi, na uweke ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Stadi ikiwa imekatika na kubakiza kisiki kifupi, weka nati ya chuma juu yake na umwite fundi mwenye mashine ya kuchomelea ya TIG aijaze katikati hadi nati na kisiki viwe kitu kimoja. Joto la kuchomelea hufika moja kwa moja kwenye meno na kulegeza gundi, kwa hiyo njia hii hufanya kazi hata pale kishikio kiliposhindwa. Subiri chuma kiache kuwa chekundu, kisha uzungushe ukirudi mbele na nyuma kidogo. Nati ikibanduka, rudia. Mara nyingi stadi hutoka katika uchomeleaji wa pili au wa tatu.

Kutoboa kwa drili ni hatua ya mwisho. Kisiki husawazishwa kwanza, katikati hupigwa alama, na kutoboa hufanyika kwenye mashine iliyosimama wima, kwa ncha inayokata kwa kuzunguka kushoto, ili inapokwama iifungue stadi badala ya kuikaza. Epuka vile vifaa vya kung'olea boliti vyenye umbo la pia: ni vigumu na vyepesi kuvunjika, na kimojawapo kikivunjika ndani ya kisiki hakuna drili itakayokiingia. Hapo itabidi kutafuta karakana yenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme. Tundu likitoka nje ya mstari, kikombe cha meno kitaliokoa, mradi mashine imefuata kitovu cha zamani.

Stadi ndogo za ekzosi, za milimita 8, hukatika wakati wa kuondoa vibadilisha joto (sehemu za ekzosi zinazopasha hewa ya ndani ya gari), na hizi zinaepukika. Pasha nati hadi iwe nyekundu, au ikate kwa kifaa kidogo cha kusaga, na usiilazimishe kwa spana ikiwa baridi.

Kufunga upya

Tundu la kila stadi lipitishwe tapu kwa mkono ili kuondoa gundi ya zamani, lisafishwe kwa asetoni na kukaushwa kwa upepo. Paka gundi kali kwenye meno ya chini, zungusha stadi kwa mkono hadi urefu ulioandika, na uiache ikauke kwa muda unaotajwa kwenye chupa.

Silinda zipimwe kabla hazijarudi. SC ilitoka kiwandani na silinda za aina mbili. Zile zenye mpako wa Nikasil hudumu muda mrefu sana na mara nyingi huhitaji ringi mpya tu. Za Alusil zina silikoni ndani ya alumini yenyewe, na kuzisugua kwa jiwe la kawaida huziharibu. Tundu la lita 3.0 na la lita 3.2 yote ni milimita 95. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, milimita 70.4 kwa ya kwanza na 74.4 kwa ya pili. Miongozo ya valvu, hasa ya ekzosi, ikaguliwe hedi zikiwa nje, na uso wa hedi utazamwe kama gesi imeuchimba mkondo pale stadi ilipokatikia. Mkondo huo ukionekana, uso usawazishwe kwenye mashine kabla ya kitu kingine chochote. Boliti za konrodi, kama zimefunguliwa, zisirudishwe.

Umbali kati ya pistoni na hedi unahitaji subira. Weka vipande vya risasi laini ya kulehemu juu ya pistoni, funga hedi kwa muda, zungusha krenki kupita juu, kisha pima risasi iliyobonyezwa. Usishuke chini ya milimita 1. Shimu zinazokaa chini ya silinda ndizo zinazorekebisha. Nafasi kati ya valvu na pistoni iwe angalau milimita 1.5 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2 kwa ya kutolea.

Hapa rudisha yale mabati ya kuelekeza upepo, kwa maana hedi zikishafungwa na nyumba ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ikawekwa, hutayarudisha bila kubomoa.

Hedi tatu za kila upande hufungwa kwanza kwenye nyumba ya kamshafti ili zikae katika mstari mmoja, kisha zote hupandishwa pamoja juu ya silinda. Paka oili kidogo kwenye meno ya nati na kwenye washa. Kwa SC na Carrera 3.2 kaza kwa hatua mbili, Nm 15 kisha Nm 32, kwa mpangilio wa msalaba, ukianzia silinda ya katikati. Baada ya kila hatua zungusha kamshafti kwa mkono. Ikibana, hedi hazijakaa sawa; legeza zote na uanze upya, kwani kamshafti inayobana ikiwa baridi itajikwaruza siku ya kwanza ya kuwashwa. Injini za 964 na 993, matoleo ya 911 yaliyofuata, zina taratibu nyingine za kukaza kwa nyuzi za kuzunguka, na namba zilizotajwa hapa zisitumike kwazo.

Injini ikiwa mezani, badilisha vikaza mnyororo vya zamani vya springi kwa vile vinavyosukumwa na oili, vilivyokuja na Carrera ya 1984. Kikaza kikishindwa, mnyororo huruka meno na valvu hukutana na pistoni, na gharama yake huzidi ya stadi zote 24.

Kuwasha na siku za mwanzo

Ondoa plagi, zima mfumo wa kuwasha na wa petroli, kisha zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi geji ionyeshe presha ya oili. Ndipo urudishe plagi na uwashe. Usiiache ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ringi mpya hukaa vizuri injini ikibeba mzigo wa wastani, ikipanda na kushuka mwendo. Oili ya madini inafaa kwa kipindi hiki.

Baada ya takriban kilomita 1,000 badilisha oili na filta, rekebisha tapeti upya, na uguse nati za hedi kwa vidole kama ilivyoelezwa juu. Zilizo imara ziache zilivyo. Kata filta ya zamani, ikunjue karatasi yake na uitazame juani. Vumbi laini la kijivu ni la ringi na halipaswi kukutisha. Vipande vya rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi au bushi, na vipande vinavyonaswa na sumaku vinatoka kwenye chuma cha kamshafti, roka au gia. Ukiona kimojawapo kati ya hivi viwili, zima gari na ufungue kifuniko cha valvu kabla ya kuliendesha tena.